Mchicha haujui likizo: Klabu ya bustani shuleni inavyohitaji mkono wa mzazi

Mchicha uliopandwa leo unaweza kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Hausubiri mitihani iishe wala shule ifunguliwe. Ukikosa maji siku chache katika jua kali, majani yanalala, kisha yanakauka. Ukichelewa kuchumwa, unatoa mbegu na majani yanakuwa magumu.

Hapo ndipo klabu ya bustani shuleni hukwama. Watoto wanaanza muhula kwa hamu. Wanalima matuta, wanapanda, wanaandika majina ya mboga kwenye vipande vya mbao. Kisha Juni inafika, shule inafungwa, walimu wanakwenda makwao, na bustani inabaki na mlinzi ambaye kazi yake ni geti. Wakirudi Julai, watoto wanakuta vijiti vikavu.

Kwa mtu mzima hilo linaweza kuonekana dogo, kwani mbegu za mchicha si ghali. Lakini kwa mtoto wa darasa la nne aliyekuwa akibeba maji ya tuta lile tangu Aprili, hilo ni somo, na ni somo baya. Anajifunza kwamba alichokifanya hakikuwa na mtu wa kukilinda. Akiitwa tena bustanini atakwenda, lakini ule moyo wa kwanza hautakuwepo.

Ndiyo maana klabu ya bustani si suala la mwalimu peke yake. Mwalimu anaweza kuianzisha, lakini kama itaishi mwaka mzima inategemea wazazi walio jirani na shule, na jibu lao kwa swali moja: nani atamwagilia shule ikifungwa?

Si jambo geni

Watoto wa Tanzania wameshika jembe shuleni kwa miaka mingi. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka shule ziwe na mashamba au shughuli nyingine za uzalishaji, ili mwanafunzi aone uhusiano kati ya anachosoma na maisha ya jamii yake. Wazazi wengi wa leo, na zaidi babu na bibi, walipita katika mashamba hayo.

Klabu ni kitu tofauti kidogo na shamba la shule. Shambani huenda kila mwanafunzi, atake asitake. Klabuni hujiunga anayependa, eneo huwa dogo, na lengo la kwanza ni kujifunza. Kwa majirani zetu wa Kenya, klabu za 4-K zilianzishwa mwaka 1962, na jina lake linaeleza kazi yenyewe: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Baada ya kufifia kwa muda mrefu, zilizinduliwa upya mwaka 2021.

Hapa kwetu, mwaka 1991 Dk Jane Goodall, aliyejulikana kwa utafiti wake wa sokwe wa Gombe, alikutana jijini Dar es Salaam na wanafunzi 12 wa sekondari. Kutokana na kikao hicho ulizaliwa mpango wa Roots & Shoots, ambao leo una vikundi vya vijana katika nchi nyingi duniani. Kupanda miti na kutunza bustani ni miongoni mwa kazi za vikundi hivyo.

Jembe lisiwe fimbo

Kuna jambo wazazi wengi wanalikumbuka kutoka enzi zao. Aliyechelewa namba alipewa jembe. Aliyepiga kelele darasani alipimiwa kipande cha kulima. Jembe lilikuwa fimbo nyingine.

Waswahili wana methali isemayo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika methali hiyo jembe halikuwa adhabu. Lilikuwa ishara kwamba mgeni sasa ni mtu wa nyumbani, ana sehemu yake katika kazi na sehemu yake katika chungu. Shuleni maana hiyo ikageuzwa, na matokeo yake yanaonekana hadi leo kwa mzazi anayesema amempeleka mtoto shule asome, hakumpeleka akalime.

Hoja ya mzazi huyo isibezwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto katika kazi inayoweza kudhuru afya, elimu au makuzi yake. Mtoto anayetolewa darasani kwenda kupalilia shamba la mtu mwingine hayuko kwenye klabu, hata kama amevaa sare.

Mzazi anayetaka kujua klabu ya shule yao iko upande gani anaweza kuuliza mambo matatu. Kwanza, kazi inafanyika saa ngapi? Klabu nzuri hukutana nje ya vipindi, mara moja au mbili kwa wiki, jua likiwa limepoa. Pili, je, mtoto anaweza kujitoa bila kuadhibiwa? Tatu, mboga zikivunwa zinakwenda wapi? Mwalimu mlezi wa klabu akiwa na majibu ya wazi kwa maswali hayo, mzazi anaweza kutulia.

Watoto wanafanya nini huko

Kazi huanza kwa kupima. Tuta la watoto linafaa kuwa na upana wa mita 1, ili mtoto aweze kufikia katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Likiwa na urefu wa mita 5, eneo lake ni mita 5 za mraba. Somo la hisabati lililokuwa gumu ubaoni linakuwa rahisi pale kamba na vigingi vinapokuwa mkononi.

Wakubwa wa darasa la tano hadi la saba hutengeneza mboji. Wanapanga majani makavu, majani mabichi, samadi na majivu kidogo, tabaka juu ya tabaka, wanalowanisha, na baada ya kila wiki chache wanageuza. Ndani ya miezi miwili au mitatu takataka za uwanja zimekuwa udongo mweusi wenye harufu ya msitu.

Wadogo wa darasa la kwanza na la pili wapewe mbegu kubwa kama maharage na kunde, kwa sababu vidole vyao bado havijazoea vitu vidogo. Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Zichanganywe na mchanga mkavu kabla ya kumwagwa kwenye mistari, zisije zikaota zote mahali pamoja. Sukuma wiki na chainizi huanzia kitaluni na kuhamishwa jioni, wakati jua limepungua. Matembele hayahitaji mbegu kabisa. Kipande cha shina kikichomekwa ardhini penye unyevu kinaota.

Watoto pia huandika. Daftari la klabu linaonesha tarehe ya kupanda, siku mbegu zilipochomoza, idadi ya ndoo za maji na wadudu walioonekana. Kunde zikikomaa, mwalimu huwang'olea shina moja na kuwaonesha vinundu vidogo kwenye mizizi, ambako bakteria hunasa naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Mtoto aliyeona vinundu hivyo kwa macho hahitaji kukariri.

Faida nyingine iko mezani. Tafiti zilizofanywa katika bustani za shule za nchi mbalimbali zimeonesha kuwa watoto wanaolima mboga huwa tayari zaidi kuzionja. Hilo si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Bustani ya shule peke yake haiwezi kuondoa udumavu, lakini mwanafunzi anayejua kulima na kupika mchicha ana wadogo zake nyumbani wanaokula sahani moja naye.

Saa mbili kwa mwezi zinatosha

Mzazi akisikia neno klabu, hofu ya kwanza ni mchango. Tangu elimumsingi ilipoanza kutolewa bila ada mwaka 2016, wazazi wamekuwa waangalifu na kila bahasha inayotoka shuleni, na wana sababu. Klabu ya bustani haihitaji bahasha. Inahitaji saa mbili za mtu kwa mwezi, na kitu ambacho mtu huyo tayari anakijua.

Bibi anayejua kutofautisha mnavu na magugu yanayofanana nao ana somo ambalo vitabu vichache vinalo. Fundi seremala anaweza kuimarisha uzio, maana kuku wawili wakiingia kwenye kitalu asubuhi, kufika mchana hakuna kilichobaki. Mfugaji wa kuku ana samadi anayotafuta pa kuitupa, na kijana wa bodaboda anaweza kuileta magunia mawili Jumamosi. Mama lishe anaweza kuwaonesha watoto kwamba mchicha hupikwa muda mfupi, kwa maji kidogo na mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A yake hutumika vizuri mwilini ikiwa na mafuta. Muuza duka anaweza kuwafundisha wa darasa la saba kupanga bei ya fungu na kujua faida.

Kina baba nao waje. Shughuli za shule mara nyingi huachiwa kina mama, na mtoto anayeona baba yake akisukuma toroli la mboji kwenye uwanja wa shule anajifunza jambo ambalo halikuandikwa kwenye mtaala.

Anayejitolea asiingie tu bustanini. Apite kwa mwalimu mkuu, aonane na mwalimu mlezi wa klabu, jina lake liandikwe na kamati ya shule ijue. Watu wazima wafanye kazi wawili wawili, na asiwepo anayebaki peke yake na mtoto mahali pa kificho. Utaratibu huo unamlinda mtoto, na unamlinda pia mzazi mwenye nia njema. Ofisa ugani wa kata naye anaweza kualikwa kuwashauri. Kazi yake ni hiyo.

Kuna tahadhari moja kwa wanaojitolea. Watu wazima wana haraka. Wakiona tuta limepinda wanachukua jembe na kulinyoosha, na baada ya nusu saa watoto wamesimama pembeni wakitazama wazazi wao wakilima. Tuta lililopinda huota mchicha sawasawa na lililonyooka. Mzazi aoneshe mara moja, kisha akae pembeni.

Juni na Desemba

Likizo mbili kubwa za mwaka huua bustani kwa njia mbili tofauti, na klabu inayojua hilo hupanga mapema.

Pwani na Dar es Salaam, masika hunyesha Machi hadi Mei. Shule zinapofungwa Juni mvua zimekatika na ardhi imeanza kukauka. Adui wa Juni ni kiu. Desemba mambo hugeuka, kwa kuwa mvua za vuli zikiwa nzuri, magugu hukua haraka kuliko mboga. Watoto wakirudi Januari hawaoni hata tuta lilipokuwa. Kwa Dodoma, Singida na Tabora hali ni nyingine tena. Huko mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, yaani msimu wa kupanda unafika wakati shule zinafungwa.

Dawa ya kwanza ni kupanga kurudi nyuma kutoka tarehe ya kufunga. Mchicha wa Pwani ukipandwa katikati ya Aprili, unavunwa na kuliwa kabla ya likizo. Yanayobaki yawe mazao yanayovumilia: matembele, kisamvu, mlonge, mipapai. Matuta yafunikwe kwa matandazo ya nyasi kavu ili udongo usikauke upesi na magugu yasipate nafasi.

Dawa ya pili ni zamu. Hesabu yake si ngumu. Tuta la mita 5 za mraba linataka kama ndoo moja hadi mbili za lita 20 kwa siku ya jua. Klabu yenye matuta manne inahitaji ndoo nne hadi nane. Likizo ikiwa ya siku 30 na zikajitokeza familia 15, kila familia ina siku mbili tu katika mwezi mzima. Mzazi na watoto wake wawili wanamaliza kazi hiyo asubuhi kabla ya chai.

Zamu hufa pale inapokuwa ya mdomo. Orodha iandikwe kwenye karatasi moja yenye jina, tarehe na namba ya simu, ibandikwe kwa mlinzi wa shule na itumwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Aliyemaliza zamu anatuma picha ya matuta, na anayefuata anajua kesho ni yake. Asiye na simu janja apewe jirani wa kumkumbusha. Ufunguo wa geti na wa bomba ukabidhiwe mapema, kwa sababu wazazi wakifika na ndoo mara mbili wakakuta kufuli, mara ya tatu hawatakuja.

Pia kuna kanuni ndogo inayosaidia sana. Mwenye zamu achume fungu la mboga ya jioni. Mboga isiyochumwa itaharibika hata hivyo, na familia inayopika kilichomwagiliwa na mtoto wao haihitaji kubembelezwa kurudi.

Mboga ni za nani?

Jua na kuku si maadui pekee wa klabu. Kuna pia minong'ono. Watoto wamelima miezi miwili, kisha siku moja sukuma wiki imechumwa na hakuna anayejua imekwenda wapi. Mmoja anasema imekwenda kwa walimu, mwingine anasema imeuzwa. Hata kama hakuna aliyekosea, mzazi akisikia hivyo nyumbani, mtoto wake harudi bustanini.

Njia ya kuzuia hayo ni kukubaliana kabla ya kupanda. Klabu nyingine huamua mboga zote ziingie kwenye chungu cha chakula cha mchana cha shule, ambako wazazi tayari wanachangia mahindi na maharage. Nyingine hugawa: sehemu kwa chungu, sehemu kwa watoto wa klabu kupeleka nyumbani, sehemu ya kuuza ili kununua mbegu. Mgawo wowote unafaa, ilimradi uandikwe. Daftari lioneshe mafungu mangapi yamevunwa, yamekwenda wapi, shilingi ngapi zimepatikana na zimenunua nini. Wanafunzi wenyewe walishike daftari hilo, na mwisho wa muhula wawasomee wazazi mkutanoni. Mtoto wa miaka 12 anayesimama mbele ya watu wazima kusoma mapato na matumizi anajifunza uaminifu kwa vitendo.

Afya na usalama

Mzazi ana haki ya kuuliza mtoto wake anashika nini. Watoto wavae viatu bustanini. Minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu, hasa penye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Kidonda cha jembe au msumari wenye udongo kinaweza kuleta pepopunda, hivyo mtoto aliyeumia asafishwe kwa maji na sabuni na apelekwe kituo cha afya.

Samadi mbichi isiwekwe kwenye mboga za majani, ioze kwanza. Maji ya mtaro yasitumike. Viuatilifu visishikwe na watoto kabisa. Vidukari wanaweza kupunguzwa kwa maji ya sabuni au majivu. Majembe yawe mepesi na mafupi kulingana na umri, na mapanga yabaki kwa watu wazima. Baada ya kazi kila mtoto anawe mikono kwa sabuni, na mboga zioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Kama shule haina klabu

Klabu inaweza kuanzia mtaani. Familia tatu au nne zinazoishi jirani zinatosha. Wanaoishi nyumba za kupanga wamwombe mwenye nyumba ruhusa ya kuweka magunia uani. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na mboji, katikati huwekwa safu ya kokoto kuanzia chini hadi juu ili maji yashuke, kisha miche hupandwa juu na kwenye matundu ya pembeni. Ndoo zilizotoboka na madumu yaliyokatwa hufaa pia. Watoto wa nyumba hizo wapeane zamu, na yule ambaye familia yake inasafiri likizo amkabidhi mwenzake gunia lake.

Kwa walio na klabu shuleni, muda mzuri wa kuanza ni mkutano wa wazazi unaotangulia likizo. Mzazi mmoja aombe ajenda ya dakika kumi. Aje na karatasi yenye tarehe zote za likizo zilizopigwa mstari, aandike jina lake kwenye tarehe ya kwanza, kisha ampe karatasi na kalamu mzazi aliyekaa kando yake.